Uzito wa Ndoo Isiyokuwepo

Kazi yangu ni kucheza na kuigiza bila kutamka neno. Hapa Terrat, kusini mwa Jiji la Arusha, mtu akiniuliza ninafanya nini nami nikamjibu hivyo, swali la pili huwa lile lile: "Sasa mama, nani anakulipa?" Ni swali la haki na nitalijibu. Ila kwanza nataka kueleza kazi yenyewe ilivyo, nani waliifungulia njia katika Afrika Mashariki yetu, na kwa nini kila mwaka nazidi kuamini kwamba mwili wa mtu ni shahidi anayestahili kupewa nafasi sawa na mwenye kusema kwa mdomo.

Mwigizaji bubu huanza na uzito. Chukua ndoo ya lita 20. Ikijaa maji ina kilo 20, ukiacha uzito wa plastiki yenyewe. Ukiibeba kwa mkono wa kulia, bega la kulia linavutwa chini, kiuno kinasogea kushoto, mkono mtupu unanyanyuka kutafuta mizani, na hatua zinakuwa fupi na za haraka. Shingo inakaza. Anayebeba ndoo isiyokuwepo hana budi kuyafanya yote hayo, na misuli yake ifanye kazi kweli kweli. Akikunja vidole tu na kutembea kama aendaye dukani, mtazamaji anajua papo hapo kwamba anadanganywa, hata kama hawezi kueleza amejuaje. Mtoto wa Terrat anajua haraka zaidi, maana yeye kaibeba.

Nami niliibeba. Mlima Meru tunauona kaskazini, mita 4,566, umevaa mawingu yake, lakini mvua nyingi inaishia kwenye migomba na mibuni ya watu wa mteremkoni. Huku chini kwetu kiangazi ni vumbi, na maji yanayopatikana mara nyingi yana floraidi kutoka miamba ya volkano. Ndiyo sababu wengi wetu tuliokulia upande huu tuna meno ya kahawia. Nilijifunza kubeba maji kwa kumtazama koko, mama yake baba. Hakunielekeza hata siku moja. Alikuwa akifika uani anapiga goti moja kwanza, anauacha mgongo umesimama, ndipo anaitua ndoo, na maji hayayumbi. Nilimwiga mpaka nikaweza.

Kwa koko ndiko nilikojifunza pia kusoma kiganja. Desturi yetu, Waarusha na Wamaasai, mtoto anamwamkia mzee kwa kuinamisha kichwa, na mzee anaweka kiganja juu ya utosi. Maneno ya salamu ni yale yale kila siku, lakini kiganja hakiwi kile kile. Kuna siku kilikuwa chepesi, kimegusa na kuondoka. Kuna siku kilikaa, kizito, na nilijua kabla ya mtu yeyote pale bomani kwamba koko hajalala, au kuna habari mbaya imefika usiku. Shule yangu ya kwanza ya sanaa hii ilikuwa hapo, chini ya mkono wa bibi yangu.

Ya pili ilikuwa Bagamoyo. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere aliunda wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na baadaye kikaanzishwa kikundi cha ngoma cha taifa kilichokusanya wachezaji kutoka makabila mbalimbali. Vijana wengine walipelekwa China katika miaka hiyo ya 1960 kusomea sarakasi. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo tunakiita TaSUBa. Mimi nilifika huko nikiwa binti wa kutoka bara asiyejua bahari, nikidhani ngoma ni ile ya kwetu tu: vijana wa kiume wanaruka, wasichana tunaimba na kutingisha mabega ushanga ulie.

Bagamoyo walinipa jembe. Katika bugobogobo ya Wasukuma mchezaji anacheza na jembe mkononi, kwa kuwa ngoma ile imetoka shambani, kwenye kulima kwa pamoja. Mwalimu wetu alikuwa akisimamisha ngoma zote na kumwambia mtu: "Jembe lako halijaingia ardhini, umelipitisha hewani." Sakafu ilikuwa saruji, hakuna udongo wowote pale, na bado alitaka kuona jembe limezama na mgongo umelivuta. Kisha nikaonyeshwa mapiko ya Wamakonde, kinyago kinachofunika kichwa kizima. Mchezaji wa mapiko uso wake hauonekani. Kila atakachosema atakisema kwa kiwiliwili na miguu.

Nilikuja kushangaa baadaye niliposoma kwamba huko Ufaransa mwalimu mmoja, Étienne Decroux, aliyezaliwa mwaka 1898 na kufariki mwaka 1991, aliwafunika wanafunzi wake nyuso kwa kitambaa kwa sababu hiyo hiyo. Aliona waigizaji wanajificha nyuma ya uso na mikono, viungo vinavyojua kudanganya, akataka kifua, kiuno na nyonga viseme. Aliugawanya mwili kama fundi anavyofungua mashine: kichwa peke yake, shingo peke yake, kifua peke yake, kila kimoja kikijua kwenda bila kumvuta mwenzake. Kwake ndiko alikopitia Marcel Marceau, yule mwenye uso uliopakwa rangi nyeupe ambaye watu wengi ndiye wanayemkumbuka ukitaja uigizaji bubu. Wengi hawajui kwamba Marceau, akiwa kijana wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliwavusha watoto wa Kiyahudi kwenda Uswisi, na maigizo yake ya kimya yalikuwa njia ya kuwatuliza njiani wasisikike. Baba yake aliuawa Auschwitz. Ukijua hilo huwezi tena kusema kwamba mchezo wake ni wa kuchekesha watoto kwenye sherehe za kuzaliwa.

Mwanafunzi mwingine wa Decroux, Mwingereza Desmond Jones, alifungua shule yake London mwaka 1979. Na katika shule hiyo akapita Mkenya mmoja, Opiyo Okach.

Habari zake zilianza kutufikia Arusha miaka ya mwisho ya 1990. Kutoka kwetu Nairobi ni kilomita kama 270 kwa njia ya Namanga, wakati Dar es Salaam ni zaidi ya 600, kwa hiyo mambo ya Nairobi tunayasikia mapema. Tulisikia kwamba Okach amerudi kutoka London na elimu ya uigizaji bubu, na kwamba mwaka 1997 yeye, mcheza dansi Afrah Tenambergen na kijana wa Kikongo anayeitwa Faustin Linyekula wameanzisha kundi la Gàara, la kwanza Kenya kushika dansi ya kisasa kama kazi. Mwaka uliofuata walikwenda Luanda, Angola, kwenye mashindano ya dansi ya Afrika na Bahari ya Hindi, na kazi yao ya kwanza, Cleansing, ikarudi na tuzo. Angola yenyewe wakati huo ilikuwa haijamaliza vita vyake.

Watu wa fani walishangaa, na nadhani walishangaa jambo lisilo lenyewe. Walisema: kumbe Wakenya nao wanaweza dansi ya Kizungu. Mimi nilipopata kumwona Okach akicheza, Nairobi, sikuona Uzungu wowote. Niliona mtu aliyejua uzito. London ilikuwa imempa njia ya kuufungua mwili kiungo kwa kiungo, basi. Vilivyotoka ndani ya mwili ule vilikuwa vya kwao. Kazi yake moja aliipa jina Abila, ambalo kwa Kiluo ni kibanda cha mzee mwenye mji, mahali ambapo mambo ya ukoo yanazungumzwa. Mwaka 2005 alifanya Shift... Centre, ambamo watazamaji hawakuketi mbele kwenye viti. Walikuwa ndani ya eneo moja na wachezaji, wakitembea na kuchagua wamtazame nani. Wakosoaji wa Ulaya waliliona hilo kuwa jambo jipya. Mtu wa Terrat angeliona la kawaida kabisa. Ngoma yetu haina mbele. Unasimama popote, unaingia ukitaka, mtoto anapita katikati akimtafuta mama yake.

Nimesema hivi kwa sababu kila ninapofanya onyesho kuna mzee mmoja atakayeniambia kwamba sanaa hii si yetu. Namheshimu na sibishani naye papo hapo. Lakini historia iko upande wangu. Pwani yetu, tangu miaka ya 1890, watu walicheza beni: walijipanga kama jeshi, wakavaa sare, wakajipa vyeo, wakaiga gwaride na bendi za wakoloni hatua kwa hatua. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza beni ikaenea bara, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikawa na wafuasi mji kwa mji. Sisi watu wa mwili tunaelewa kwa nini ilikuwa na nguvu. Ukiiga mwendo wa afisa kwa usahihi kabisa, bila kuongeza wala kupunguza, umemwonyesha yeye na umewaonyesha wanaotawaliwa naye, na hakuna sheria ya kukushika kwayo, kwa kuwa hujasema kitu. Wacheza beni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kwetu kuthubutu mambo mapya kwa mwili.

Kuthubutu kuna gharama yake, na hapa namtaja mwanamke mmoja wa Berlin ambaye nimemchukua kama dada mkubwa ingawa hatukuonana. Valeska Gert alizaliwa mwaka 1892. Alicheza watu ambao jukwaa la wakati wake halikuwataka: kahaba, bondia, mtu anayekata roho. Kuna wakati, mkanda wa sinema ukiwa unabadilishwa, alipanda mbele ya watu akasimama tu, hakucheza. Onyesho lile aliliita Pumziko, kwa Kijerumani Pause. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, utawala wa Hitler ulimfungia jukwaa, akakimbilia Marekani, akafungua baa ya maonyesho New York, kisha akarudi Ujerumani baada ya vita. Alifariki mwaka 1978 akiwa hajaacha kuwaudhi watu. Nilipoanza kuigiza peke yangu, mwanamke wa Kiarusha aliyeolewa, mashangazi walikuja nyumbani kumuuliza mume wangu kama nimepatwa na ugonjwa. Walikuwa na uchungu wa kweli, siwalaumu. Kusimama kimya mbele za watu, bila wimbo, bila ushanga, bila wenzako ubavuni, kwetu ni dalili ya mtu aliyepotewa na akili.

Lakini mahali nilipoelewa kazi hii kwa undani hapakuwa jukwaani. Palikuwa mahakamani.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, Umoja wa Mataifa uliweka Arusha mahakama ya kuwahukumu wahusika wakuu. Kesi ya kwanza ilianza Januari 1997 katika jengo la AICC, na mahakama ikafungwa mwisho wa mwaka 2015. Kwa miaka yote hiyo mji wetu ulijaa majaji, mawakili na watafsiri, bei ya nyumba ikapanda, na wengi wetu tulipita mbele ya jengo lile tukienda sokoni bila kuwaza nini kinasemwa ndani. Raia aliruhusiwa kuingia. Unakaguliwa, unakaa nyuma ya kioo, unavaa vipokeo vya sauti, unachagua Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza.

Nilikwenda kama jirani yeyote anayetaka kujua. Baada ya muda nilivua vile vipokeo.

Kimya kikaingia na miili ikabaki. Niliona mawakili ambao mikono yao ilikuwa imesomea kazi. Niliona watafsiri ndani ya vibanda vyao wakinyanyua mikono, wakitikisa kichwa, wakikunja uso, ingawa hakuna anayewatazama. Maumivu ya mtu mwingine yalikuwa yanapita ndani yao kwanza ndipo yageuke maneno. Mshtakiwa alikaa, kalamu mkononi, akiandika polepole. Na upande wa pili palikuwa na pazia.

Nyuma ya pazia alikuwepo shahidi. Wengi wa mashahidi walilindwa hivyo, majina yao yakafichwa, nasi wa nyuma ya kioo tusiwaone, kwa kuwa kulikuwa na watu kwao waliotaka kuwadhuru. Nilifikiri sana juu ya pazia lile. Jina unaweza kulibadilisha kwa herufi na tarakimu, lakini mabega ya mtu, anavyogeuka, anavyoshika meza, hivyo jirani yake wa zamani atavitambua hata gizani. Mwili ndio uliofunikwa kwa sababu mwili ndio uliokuwa unamtaja.

Kuna jambo jingine nililoligundua nilipovaa tena vile vipokeo, na hili ndilo nimelibeba hadi leo. Shahidi akionyesha kitu kwa mkono, "hapa nilipigwa", "mtoto alikuwa na urefu huu", haitoshi. Lazima mtu mahakamani aseme kwa sauti shahidi ameonyesha nini, ndipo iandikwe. Kisichotamkwa hakiingii kwenye kumbukumbu za maandishi. Na alipokatika katikati ya sentensi akanyamaza, mtafsiri naye alinyamaza, majaji wakasubiri, ukumbi mzima ukasimama mahali pamoja. Kwenye karatasi, muda ule huwa haupo. Kwangu mimi ndio uliokuwa ushahidi.

Nilitoka pale nikijua kazi yangu ni ipi. Ni kutunza yale ambayo karani hawezi kuyaandika.

Ndipo nilipomwelewa pia Faustin Linyekula, yule Mkongo wa kundi la Gàara. Alizaliwa Ubundu mwaka 1974 na kukulia Kisangani, akasoma fasihi na tamthilia, na mwaka 1993, nchi yake ikiwa inaporomoka, akahamia Nairobi. Angeweza kubaki nje kama wengi. Mwaka 2001 alirudi Kinshasa akaanzisha Studios Kabako, ikichukua jina la rafiki yake aliyekufa kwa tauni, ugonjwa ambao dunia inadhani uliisha zamani. Mwaka 2006 akaihamishia Kisangani, mji ambao Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana humo humo kwa siku sita, mabomu yakianguka juu ya raia wasiohusika. Huko ndiko alikoamua kufundisha dansi. Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi, na ameonyesha kazi zake Avignon na katika majumba makubwa ya Ulaya, lakini anarudi. Kundi lake limejihusisha hata na suala la maji safi kwa watu wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Watu huuliza mcheza dansi na maji wapi na wapi. Mimi ninayetoka Terrat siulizi.

Sasa nije kwenye malipo.

Arusha ina soko moja kubwa la mwili unaocheza, nalo ni la watalii. Vijana wetu wanavalishwa shuka na kupelekwa hotelini jioni, wanaruka dakika kadhaa wageni wakila, wanapigwa picha, wanalipwa kidogo, wanarudi na gari la usiku. Siwadharau. Kuruka kule ni ufundi: mwili unapanda wima kama mshale, kisigino hakigusi chini, na pumzi ya kundi zima inakuwa moja. Lakini mahali pake ni kwenye sherehe kama eunoto, ambapo morani anapanda daraja na mama yake anamnyoa nywele alizozifuga kwa miaka. Ukiukata mruko ukauweka kando ya meza ya chakula, unabaki urefu tu. Mgeni anahesabu nani ameruka juu zaidi. Kijana naye baada ya miaka michache anasahau kwamba kulikuwa na kitu kingine.

Soko la pili ni la mashirika. Wanataka maigizo ya uhamasishaji, na nimeyafanya mengi: UKIMWI, ukeketaji, vyandarua. Nayo yanalisha familia na baadhi yameokoa watu. Taabu ni kwamba anayelipa anataka ujumbe usemwe kwa mdomo, wazi, mwanzoni na mwishoni, ili aandike ripoti. Ukimwambia kwamba mama aliyesimama mlangoni bila kuingia, kwa dakika moja nzima, ameshasema kila kitu kuhusu kipigo cha jana, anakuuliza: "Na ujumbe uko wapi?"

Hata Gàara na Kabako hawakuwa na soko la nyumbani. Mashindano ya Luanda yalifadhiliwa na Ufaransa, na kwa miaka mingi mcheza dansi wa Kiafrika wa aina hii alikula kwa tiketi zinazouzwa Paris, Brussels na Lisbon. Fedha hizo zilifungua mlango, na kuzibeza ni utovu wa shukrani. Lakini mtu akicheza uzito wa ndoo mbele ya watu ambao hawajawahi kuchota maji, anapigiwa makofi kwa uzuri wa mgongo wake. Terrat watu hawapigi makofi. Wanasema, "Huyo ametoka mbali, bomba la karibu limekauka." Mimi nataka mtazamaji huyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaoniuliza ni hili: nalipwa kwa kufundisha, kwa maigizo ya mashirika, na mara chache kwa kazi yangu mwenyewe. Inatosha kwa unga na ada. Nisingeichagua kazi nyingine.

Jioni nafundisha watoto wa jirani katika uwanja wa udongo. Zoezi ninalolipenda ni moja. Namwambia mtoto amtazame mtu mmoja wa nyumbani kwake kwa juma zima, asimwambie, kisha atuletee mtu huyo bila maneno. Sharti ni asimcheke. Akituchekesha kwa kumzidisha, anaanza upya. Nawakataza kwa sababu kuzidisha ni njia ya kutotazama.

Mvulana mmoja alimleta baba yake. Baba huyo ni mwanaapolo, anachimba tanzanaiti Mererani na kurudi nyumbani mara kwa mara. Mtoto aliingia, akavua viatu kimoja kimoja akiushikilia ukuta, akakaa. Ukuta haukuwepo, lakini kiganja chake kilikuwa kimekaa mahali pamoja hewani wakati mwili ukishuka, na sote tukauona. Kisha akakohoa. Kikohozi kile hakikutoka kooni. Kilianzia kiunoni, kikapanda mgongoni, kikamkunja, na kilipopita alikaa muda akiangalia magoti yake, mdomo wazi, akisubiri pumzi irudi. Akajifuta, akatabasamu kwa mtu ambaye alionekana kuwa ni mtoto wake. Watoto wengine walinyamaza.

Tulipowaonyesha wazazi, baba alikuwepo. Watu walipoanza kuondoka alinifuata, akasimama kando kidogo, kofia mkononi.

"Mama, huyu mtoto ameniona lini?"

"Kila ukirudi, baba."

"Kumbe ndivyo ninavyokuwa."

Wachimbaji wa Mererani wanavuta vumbi la mawe miaka nenda miaka rudi, na magonjwa ya mapafu, kifua kikuu na lile la vumbi lenyewe, yanawamaliza. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha inawajua vizuri. Nilimwambia aende akapimwe. Mke wake alikuwa amemwambia hivyo kwa muda mrefu, na kaka zake pia. Alikwenda baada ya kuonyeshwa.

Kwa hiyo nina maombi, nayo nayatoa kwa heshima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapa hapa Arusha, na tamasha lake la sanaa, JAMAFEST, limeshafanyika Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015, Dar es Salaam 2019 na Bujumbura 2022. Liletwe Arusha, na litakapokuja lisiishie kwenye viwanja vya mjini kwa vikundi vya kuruka mbele ya viongozi. Kata za pembezoni zinahitaji chumba kimoja chenye sakafu ya mbao, kwa sababu magoti ya watoto yanaumia kwenye saruji na udongo. Hatudai jukwaa wala taa.

Na wewe mzazi, nakuomba jambo moja. Kwetu mtoto akimwiga mkubwa anapigwa kofi, anaambiwa hana adabu. Siku ukimkuta wako anatembea kama wewe, anakaa kama wewe, anashika kiuno kama unavyoshika ukirudi kazini, usimpige. Mwambie arudie polepole, nawe utazame.